Nilivyonunua Tisa Bungoma

Shilingi elfu themanini na moja, mia nne na hamsini. Hiyo ndiyo jumla, na nimeihesabu mara mbili, ya pili nikianzia chini kwenda juu ili nisijidanganye. Ndani yake mna picha za kifua, mna kile kipande cha nyama walichokata pafuni kule Eldoret, na mna nauli ya miezi sita ya kufuata dawa za bure za kifua kikuu, ugonjwa ambao kaka yangu hakuwa nao. Jeneza sijaliweka. Jeneza tulipatana bei, likaja kama lilivyoahidiwa, sina neno nalo.

Ninalotaka kueleza ni mistari miwili tu ya hesabu hiyo. Kupimwa damu mara ya kwanza, elfu sita mia nane. Kupimwa mara ya pili, elfu nne mia tano. Hii ya pili niliomba wanipunguzie, wakanitolea elfu moja. Nilitoka pale nikijiona mjanja.

Mimi ni mnunuzi wa mahindi, Kitale. Kazi yangu ni kuzunguka eneo la Kwanza na vijiji vyake na bambo mkononi, kile chuma chenye mfereji tunachodunga gunia kuona kilichomo. Mkulima ni binadamu, mahindi mazuri huyaweka juu. Kwa hiyo nadunga juu, nadunga chini, halafu tunapatana bei iliyo katikati. Sijawahi kununua gunia kwa mdungo mmoja, na sikuona kwa nini nimnunulie kaka yangu habari mbaya kwa mdungo mmoja.

Yeye alikuwa mwalimu mstaafu, na shamba lake liko Tongaren, ekari kumi na mbili, wana watatu. Hakuvuta sigara hata moja maisha yake. Chaki tu. Daktari wetu wa Kitale, mama mmoja mpole asiyependa maneno mengi, alipotuambia kwamba ni saratani ya mapafu na imeshasambaa, kaka alivaa kofia yake, akaivua tena.

"Daktari, sikuulizi kama nitapona," alisema. "Nauliza hivi: nitafika Agosti?"

Ule ulikuwa mwaka wa tohara. Kitinda mimba wake alikuwa aingie jandoni, na kwetu hiyo ndiyo siku ambayo hata mtoto aliyepotelea Mombasa hurudi nyumbani. Kaka alitaka siku hiyo awatembeze wanawe wote shambani kwa miguu yake, apande mkonge mpakani, amwambie kila mmoja: hapa ni pako. Mgawanyo ulikuwa kichwani mwake tu. Hakuwa ameuandika, mwalimu mzima, kwa sababu aliona kuandika urithi ni kumwita mauti kwa jina.

Daktari akaeleza kwamba uvimbe ule, seli zake zinapokufa, humwaga protini fulani katika damu. Ukiipima unaona uvimbe una kasi gani.

"Haitaji siku, mwalimu. Lakini ikiwa juu sana, kwa wagonjwa wengi mambo huenda haraka."

"Si ni kama kupima unyevu wa mahindi?" nikasema.

"Karibu hivyo. Ila mahindi unaweza kuyaanika."

Damu ikapelekwa Nairobi. Karatasi iliporudi kaka hakuwa na nguvu ya kusafiri. Alikuwa ameshamwambia daktari: mpe mdogo wangu, ataniletea. Nikaipokea mimi. Thelathini na nane. Kwa mtu mzima wa afya, alisema daktari, haipiti tatu na kidogo.

"Mwambie Agosti asiitegemee. Kama ana jambo na watoto wake, alifanye mwezi huu."

"Hatuwezi kurudia kipimo?"

"Mnaweza, baada ya wiki kadhaa, lakini iwe maabara hii hii. Kila maabara ina njia yake ya kupima. Namba za huku na za kule hazilinganishwi."

Nikacheka moyoni. Miaka yote ya soko sijakutana na mwenye duka asiyesema mizani ya jirani ni mbovu.

Karatasi ya thelathini na nane niliikunja nikaitia ndani ya kitabu changu cha risiti. Wiki iliyofuata kaka alipata nafuu kidogo, nikamchukua hadi Bungoma, kwenye maabara nyingine, nikamwambia ile damu ya kwanza iliharibika njiani. Hapo ndipo nilipopunguziwa ile elfu moja. Karatasi yao ilisema tisa.

Nilimpelekea mwenyewe Tongaren. Alikuwa ameketi nje juani, blanketi mabegani, akimkosoa mtu aliyekuwa akipalilia.

"Leta hiyo karatasi, omwana wa mayi," aliniita. Mtoto wa mama yangu. Aliniita hivyo alipotaka kitu au alipoogopa. "Tisa. Tisa ni nzuri?"

"Kuna watu wana thelathini na nane," nikamwambia.

"Maskini! Huyo wa thelathini na nane ni nani?"

"Mtu tu. Wa Kitale."

Akacheka mpaka kikohozi kikamkata. "Basi mimi Agosti nitafika. Huyo wa Kitale, mwambie auze ng'ombe mapema."

Mwezi wa Mei mbavu zake zilianza kuhesabika kupitia shati. Shemeji akamsihi mbele yangu: "Baba watoto, si uwaite sasa? Uwaonyeshe hata ukiwa umeketi."

"Nitawaita mara mbili kwa nini? Hiyo ni nauli mara mbili. Muulize huyu mnunuzi, namba yangu ni ndogo."

Shemeji akaniangalia. Ningesema pale pale. Nikasema chai imepoa.

Alikufa mwisho wa Juni, mahindi yake yakiwa yamefika kifuani. Mkonge aliokusudia kuupanda ulikuwa nyuma ya jikoni, mizizi imefungwa kwa gunia lenye unyevu.

Baada ya mazishi nilirudi kwa daktari na ile tisa yangu, nimejaa hasira, nataka kujua nani aliyeniuzia uongo. Aliisoma, akanionyesha mstari mdogo wa chini ambao sikuwa nimeusoma.

"Hakuna aliyekudanganya, mzee. Wao wanapima kwa njia nyingine, na kwao mtu wa afya hafiki hata mbili. Tisa yao nayo ilikuwa mbaya. Wewe umelinganisha gorogoro na kilo."

Mimi, ambaye nimekataa makopo ya gorogoro ya watu kwa sababu yamebonyezwa kitako.

Agosti ilifika bila yeye. Wanawe wakaja wote, na nikasimama mimi mahali pa baba yao kijana alipotahiriwa. Asubuhi iliyofuata mkubwa alitoa utepe wa kupimia. Jioni walikuwa hawasemezani. Sasa huyo mkubwa anasema wazi, tena mbele ya watu, kwamba baba alinyamaza makusudi, na mama yao ndiye aliyemshauri anyamaze ili upande wa mtoni ubaki kwa kitinda mimba. "Mzee alijua anakufa, bana! Mtu wa kalamu akose kusema?"

Shemeji siku hizi kwake ananikaribisha chai, hakai nami.

Wazee wa ukoo watakaa Desemba, mavuno yakishaingia ghalani. Ninajua kitakachosemwa: kwamba shemeji aondoke katika nyumba yake, ile ya upande wa mtoni, mpaka ijulikane ni ya nani. Ile karatasi ya kwanza bado ninayo, kati ya risiti za mahindi. Nikiitoa na kusema niliificha, watajua kwamba kaka hakuficha kitu na mkewe hakumshauri kitu. Aliambiwa ana muda, na aliyemwambia ni mimi. Nikiitoa pia sitakuwa na kaka, wala shemeji, wala wana wa kaka. Hesabu hii nimeipiga mara mbili na kila mara inatoka tofauti.

Wewe unayesoma huna bei ya kupatana nami, kwa hiyo nakuuliza wewe. Nisubiri Desemba niitoe mbele ya wazee, au niende Tongaren kesho nimpe shemeji mkononi, yeye peke yake, aamue yeye?