Taban wa Kengele Mbili

Watu wangu, mnanijua. Mutu aliyezuia corona isiingie mtaa wetu wa Mvara ni mimi, Anko Drani. Serikali ilileta barakoa, sawa, lakini kichwa ya ile kazi ilikuwa hapa. Corona yenyewe ilisikia jina langu ikapitia upande ingine.

Mutu kama huyo halii ovyo. Leo nalia.

Taban wa Koboko hayuko tena. Nimeandika hii sentensi nikaifuta mara tatu, akili inakataa kabisa. Juzi tu alinipigia simu akaniuliza kama bado nakoroma kama trekta!

Jana asubuhi alianguka kwa shamba yake ya muhogo. Alasiri tukamzika, Waislamu hawachelewi. Nilifika nikiwa na jasho, nikapata bahati ya kutupa udongo kidogo.

Tulikua pamoja, watoto wa kambi. Baba yake askari, baba yangu askari. Yeye Mkakwa, mimi Mlugbara, na Kiswahili ndiyo ilituunganisha, hii hii mnasoma.

Baiskeli yake ilikuwa na kengele mbili. Moja ya watu, moja ya mbuzi. Akifika kwangu alikuwa anapiga ile ya mbuzi.

Halafu lockdown ikaja. Magari kimya, boda kimya. Waendesha baiskeli wa Koboko tu ndio walikuwa wanatuletea unga wa muhogo na karanga, saa tano nzima wanakanyaga.

Na sisi tuliwapokea namna gani? Na gogo ya kalitusi katikati ya njia.

Tulisema Koboko iko karibu na mpaka, malori inapita pale, basi corona inabebwa na matairi mpaka kwetu. Kila baiskeli ya Koboko lazima ioshwe magurudumu na maji ya sabuni na jivu. Nani alikuwa chairman wa taskforce? Usiulize.

Vijana wa baiskeli walikasirika. "Unga wetu mnakula, sisi wenyewe mnatumwagia maji kama mbwa!" Siku moja walimwaga karanga yote kwa njia wakageuza. Tulikula muhogo mkavu wiki mbili, hakuna hata mchuzi.

Taban peke yake alirudi. Jirani yangu Mama Ayikoru, mwenye sauti ya spika ya kanisa, akamsimamisha kwa gogo.

"We Koboko! Hata kengele osha!"

"Mama, nioshe ya watu ama ya mbuzi?"

"Zote! Na mudomo yako pia!"

Watu walicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa kazini. Nilichukua ndoo nikamwagia rafiki yangu maji mpaka kwa viatu, watu wasiseme chairman iko na upendeleo. Maji ilikuwa inatoka kwa suruali yake.

Akasema polepole, "Umemaliza, afande? Basi tuende. Mama yako iko hospitali ya Kuluva tangu Jumatatu na hujamwona."

Jamani.

Mama yangu alikuwa amelazwa kule, na mimi nilikuwa nasema kwa kila mutu kwamba sheria imenifunga. Taban alisikia akiwa Koboko. Hakuwa na mzigo siku hiyo. Kwa carrier alikuwa amefunga mto tu, wa kukalia.

Kubeba mutu kwa baiskeli ilikuwa imekatazwa. Tuliisukuma mpaka kona, macho ya watu ikaisha, ndiyo tukapanda.

Pale hospitali hawakuturuhusu kuingia ndani. Wakamleta Mama karibu na dirisha. Akauliza, "Umekuja na nini?" Nikasema, "Na Taban." Akasema, "Basi umekuja vizuri." Tuliongea mpaka akachoka. Sikumsikia tena, alikufa kabla ya magari kurudi barabarani.

Kwa hiyo mkiniona nalia hivi kwa mutu wa baiskeli, mjue. Sauti ya mwisho ya mama yangu, ni yeye alinipeleka nikaisikia.

Na ile ndoo ya maji sikumwomba msamaha. Miaka yote hii. Nilikuwa nangoja siku nzuri.

Tuliporudi, Mama Ayikoru alikuwa bado kwa gogo, mikono kiunoni. "Na nani alibeba nani?"

Nilifungua mudomo, Taban akaniwahi. "Anko alinibeba mimi. Miguu yangu ilikufa na safari ya Koboko. Huyu mutu akikanyaga, unafikiri ni pikipiki!"

Kutoka siku hiyo mimi ni bingwa. Hadithi yangu ya kushuka kilima kwa speed mpaka pikipiki ya polisi ikaomba njia, wengi wenu mmeisikia hapa hapa na mkaweka like.

Jana baada ya mazishi mke wake alitoa baiskeli nje. "Anko, marehemu alisema iende kwako. Alisema wewe ndiye dereva."

Taban hata mke wake hakumwambia ukweli!

Nilifunga baiskeli juu ya gari mpaka Arua. Kutoka stendi mpaka Mvara niliisukuma kwa mkono, kengele mbili zinalia kwa kila shimo. Watu walisimama, wengine wakatoa kofia. Mama Ayikoru akasema, "Ona Anko anavyomheshimu marehemu, hata hapandi."

Taban, ndugu yangu wa kambi, msamaha wa yale maji ndiyo huu, umechelewa. Shuka salama. Huko mbele hakuna gogo, na hakuna mutu kama mimi na ndoo. Ukimkuta Mama, mpigie ile ya mbuzi, atajua ni wewe.

Na nyinyi mnaosoma, siyo heshima. Sijui kuendesha baiskeli. Siku ile ya Kuluva nilikaa nyuma juu ya mto, nimeshika shati yake na mikono miwili, na kila kilima nilifunga macho.