Picha ya Kiooni Ukunda

Mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiwa msichana wa sekondari, nilivua buibui ndani ya studio moja pale Ukunda. Niliazima suruali na miwani ya jua, nikapigwa picha mikono kiunoni. Mpiga picha aliomba aiweke kwenye kioo cha mbele, nami nikakubali. Nilitaka nionekane.

Baba hakuwa mtu wa fimbo. Alikuwa mbaya zaidi. Alinisimamisha kando ya kile kioo mchana kutwa, nimwamkie kila mtu mzima anayepita. "Si ulitaka uonwe? Basi uonwe." Yeye aliketi ng'ambo ya barabara akinywa kahawa na wenzake. Watu waliniitikia marahaba huku wakiitazama ile suruali.

Mdogo wangu wa kike aliapa kwamba hatapigwa picha maishani. Baba alimsifu mbele ya wageni.

Mwaka uliofuata homa ikamuua mdogo wangu. Baada ya hitima, baba alipekua kabati zote, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kama kuna picha ya mtoto popote.

"Nenda Ukunda ukatazame yangu, baba," nilimwambia. "Bado iko pale kiooni."