Mpunga wa Ndugu Buya

Wanaomkumbuka Buya kama mzee wa kanisa mwenye heshima zake hawakumjua alipokuwa na miaka kumi na minane. Wakati ule alikuwa mjinga, tena mjinga wa kujitakia, na watu aliowaonea fahari hawakustahili hata kubebewa mkeka.

Alizaliwa Wema, kijiji cha mto Tana, na kabla hajaota meno mamba akamchukua baba yake. Mama hakuzaa tena. Mtu asiye na ndugu kando ya Tana hufyeka peke yake, hupiga kasia peke yake, na kukiwa na shauri la mpaka wa shamba hana wa kumsemea. Kwa hiyo Buya aliposikia kwamba chini ya Garsen, kwenye misheni, kuna chuo cha vijana wanaosomea kuwa wasaidizi wa walimu, na kwamba vijana hao huitana ndugu, hakuuliza swali la pili. Alifunga nguo yake akaenda. Hiyo ilikuwa miaka michache baada ya ugonjwa wa sotoka kuwamaliza ng'ombe wa Waorma.

Alikuta ndugu sita. Mkubwa wao aliitwa Komora, na tangu abatizwe alitaka aitwe Yohana. Alikuwa na koti la sufu alilopewa na mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao, na alilivaa katika joto la Tana huku jasho likimchuruzika mpaka kwenye visigino. Alitembea taratibu, shingo imenyooka, kama mtu aliyejitwika yai. Wa pili alikuwa Shee, ambaye kazi yake ilikuwa kukubaliana na Komora. Wengine wanne walifuata mkia.

Hao sita walikuwa na chama chao. Mgeni hakuingia mpaka wote wamkubali, na mpaka hapo hakula nao sinia moja. Buya alikula peke yake mlangoni miezi mitatu, akiwasikiliza wakicheka ndani. Hakuna kitu alichokitamani duniani kuliko kutia mkono kwenye sinia lile.

Chuo hakikulisha mtu. Kila mwanafunzi alikuwa na kipande chake cha mpunga ng'ambo ya mto, na mpunga ukianza kutia maziwa, ndege waitwao kwelea huja wengi mpaka jua linafifia. Aliyekulia mtoni anajua: uache shamba siku moja bila mtu juu ya dungu, ule ulingo wa kulindia ndege, mwenye teo la kurushia mawe na sauti ya kupiga kelele, utavuna mabua. Siku sita za juma walilinda kwa zamu. Kuhusu Jumapili, Komora alitoa amri.

"Siku ya Bwana hakuna atakayevuka mto," alisema. "Hata kwenda kuangalia tu. Kuangalia ni kukosa imani."

Buya aliona hayo ni maneno makubwa sana. Mama yake alipokuja na mtumbwi kutoka Wema kumwambia, "Mwanangu, Jumapili nitakaa dunguni mimi, mimi sina Jumapili," alimjibu mbele ya ndugu wote sita, kwa sauti ya kusikika.

"Mama, shamba langu linalindwa na Mungu. Halihitaji kelele za wapagani."

"Amina," akasema Komora.

Mama aliinuka. Kisha akachukua kasia lake akarudi alikotoka, bila hata kunywa maji. Na yule kijana, badala ya kuona haya, alitembea siku tatu kifua mbele.

Jumapili ilipopita, Jumatatu walivuka kwenda mashambani. Mpunga wa Buya ulikuwa umekwisha. Mabua yalisimama matupu, makapi yametanda chini, ikabaki pembe moja tu ya shamba iliyopandwa kwa kuchelewa. Kulia kwake mpunga wa Komora uliinamisha vichwa kwa uzito, na kushoto wa Shee vilevile. Mtu mwenye akili zake angejiuliza ni ndege gani hao wanaojua mipaka ya mashamba. Buya alipiga magoti akaanza kutubu.

Jioni ndugu walishuhudia. Shee alisema Bwana alimjengea ukuta usioonekana. Komora alifumba macho.

"Ndege wameingia kwa mtu mmoja tu," alisema. "Hawakutumwa bure. Aitafute dhambi yake, aiseme. Asiposema, arudi kwao. Na mpaka aseme, asiketi nasi kanisani."

Waliupekua mkoba wake wakitafuta hirizi, wakapata samaki mkavu. Juma zima Buya alizichambua dhambi zake. Akakumbuka mayai ya jirani aliyoyaiba utotoni, uongo wa mara mbili tatu, na msichana mmoja wa Wema aliyemchungulia akioga. Hakuna iliyotosha kuangamiza shamba zima.

Jumapili kengele ilipolia aliwaona wenzake wakiingia kanisani, naye amesimama nje. Akasema moyoni kwamba mwenye dhambi hapotezi kitu akivuka mto. Akachukua mtumbwi.

Hajafika ng'ambo akasikia kelele. Juu ya madungu walikuwako wanawake, kila mmoja na teo lake, wanawapigia ndege makelele mpaka sauti zimekauka. Aliyekuwa karibu alikuwa Tuneya, mama yake Komora.

"Wewe ndiye wa mpunga ulioliwa?" aliuliza kutoka juu.

"Ndimi, mama."

"Kwani wewe huna mama?"

Buya aliuvuta mtumbwi ukingoni. Akauliza, "Mnafanya nini hapa, na leo ni Jumapili?"

"Ndege wameambiwa?" Tuneya akarusha jiwe. "Tunakuja kabla ya kengele, tunaondoka kabla hawajatoka. Komora hataki tuonekane. Anasema tutawaaibisha. Hata lako ningelilinda, lakini niliambiwa lina mlinzi."

Uso wa Buya uliwaka moto. Tuneya alitafuta jiwe jingine, kisha akasita.

"Nasikia huko ndani mwanangu huniombea kwa jina."

"Kila Jumapili. Huwa anakulilia kwa kuwa wewe ni mpagani."

"Analia kweli, au anafinya macho tu?"

"Analia kweli."

"Ana machozi ya karibu huyo, tangu mdogo," akasema Tuneya, na kuwageukia ndege.

Buya alirudi akipiga kasia kwa hasira. Aliingia kanisani na matope miguuni akasimama katikati. Komora alikuwa mbele, koti limeloa, anamlilia Tuneya.

"Nimeiona dhambi yangu," Buya akasema. "Mama alikuja kunilindia mpunga, nikamfukuza mbele yenu ili mnione mtakatifu. Sasa hivi natoka ng'ambo."

Sala ikakatika. Shee akatazama vidole vya miguu yake. Mwalimu wa misheni, mgeni ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha, akauliza kuna nini huko ng'ambo.

Jina la Tuneya lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Buya aliwatazama wale sita, nao walikuwa wakimtazama yeye, nyuso zimewapauka, wanamwomba kwa macho. Watu waliomwacha ale mlangoni kama mbwa, leo wanamhitaji. Angeweza kuwavua nguo wote kwa neno moja. Na aibu yenyewe ni kwamba alifurahi kutazamwa hivyo.

"Hakuna kitu, Bwana," akasema. "Nilikwenda kutubu."

"Ameungama!" Komora akapaza sauti. "Tumpokee!"

Wakamjia wote kwa mpigo, wakamkumbatia mmoja baada ya mwingine, na mwalimu akafuta miwani yake kwa furaha. Komora alikuwa wa mwisho. Alimbana kwenye lile koti lenye kunuka jasho, akamnong'oneza sikioni:

"Ile pembe iliyobaki, mwambie mama yako aje Jumapili. Lakini awahi, kabla ya kengele."

"Atawahi, ndugu," akajibu Buya.