Chandarua Kilichofungwa Fundo

Siku yangu ya kwanza kazini, katika hoteli moja ya kifahari ufukweni Malindi, miaka ya themanini, nilifika na shahada, viatu vinavyong'aa na wasiwasi tele. Nilitoka bara kuja kuwa msaidizi wa meneja. Meneja Mkuu akaamuru nianze kwa kutandika vitanda, akanikabidhi kwa Bi Zuhura, msimamizi wa vyumba.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Huko chuo kikuu walikufunza kutandika?"

"La, Bi."

"Basi miaka yote hiyo mlikuwa mkilala wapi?"

Alinifunza chandarua. Asubuhi hupandishwa, kikasokotwa kama nguo inayokamuliwa, na ncha ikachomekwa ndani ya msokoto wenyewe. Hakifungwi fundo, ili jioni mhudumu akivuta mara moja kishuke chote. Nilirudia hata Kahindi, mhudumu wa upande wetu, akacheka: "Bwana msomi, hicho kitachakaa kabla mgeni hajakilalia."

Baadaye, asubuhi moja, mgeni mmoja mfanyabiashara alikutwa chumbani amenyongwa. Mwenzake, aliyekuja naye kuvua samaki kwa mchezo, alimwambia Inspekta wa polisi aliyeitwa: "Chandarua kiko juu. Basi aliuawa jana mchana, kabla ya kazi ya jioni. Mchana mimi nilikuwa baharini, watu wameniona."

Mchana huo aliyekuwa upande ule ni Kahindi peke yake, na ufunguo wa vyumba vyote. Aliapa kwamba jioni alishusha chandarua na mgeni akamshukuru. Hakuna aliyemsikiliza. Na hukumu ya mauaji ilikuwa kitanzi.

Nikiwa mlangoni mwa chumba kile, nikatazama juu ya kitanda. Chandarua kilikuwa na fundo.

Nikaanza kuwaza, kama kawaida yangu. Labda Kahindi alikuwa na haraka. Labda macho yananidanganya. Labda Meneja Mkuu atanirudisha kwetu kwa basi la mchana. Nje, mlango wa Land Rover ya polisi ukafunguliwa, Kahindi akasukumwa ndani na pingu mikononi. Nikakimbia.

"Afande! Wahudumu wetu hawafungi fundo!"

"Wewe ni nani?"

Bi Zuhura akajibu nyuma yangu, "Ni mtu wangu. Msikilize."

Akampitisha Inspekta katika vyumba vilivyokwisha kusafishwa. Vyandarua vyote vilisokotwa, hakuna hata kimoja chenye fundo. Basi kile kilipandishwa na mtu mwingine, baada ya Kahindi kukishusha, ili kifo kionekane cha mchana. Inspekta akampa yule mwenzake mshipi na ndoana, akamwomba afunge. Vidole vyake vilifunga vyenyewe. Fundo lilikuwa lile lile. Alilitazama, akaketi kitini.

Kahindi alishuka garini akisugua vifundo vya mikono. "Msomi," akaniambia, "leo umewaza kwa faida."

Miaka ikapita. Nilihamishwa Kilifi, nikarudi Malindi nikiwa meneja, chini ya wakubwa wakali na wapole. Ninyi mnaoanza kazi mtaambiwa mpunguze kuwaza. Wazeni, ila gari lisiondoke kabla hamjasema.

Siku niliyostaafu, Kahindi, wakati huo msimamizi wa vyumba badala ya Bi Zuhura, alisimama mbele ya wafanyakazi wote. "Mwacheni mzee akapumzike," akasema, "ingawa namjua. Atakaa kibarazani akijiuliza kama anapumzika sawasawa."