Chombo Kisichoinama

Ifahamike kwa umma, lilisema tangazo, kwamba chombo cha magurudumu matatu ni chombo imara. Kwamba chombo hicho hakiinami, hakiyumbi, wala hakitegemei mizani ya mwili wa dereva. Na kwamba abiria wake hatakiwi kufanya jambo lolote isipokuwa kukaa. Chini ya maneno hayo palikuwa na muhuri, na chini ya muhuri, sahihi ya mtu mwenye haraka. Tangazo lilibandikwa kwenye nguzo ya umeme pale kijiweni, chini kidogo ya lile la mtu anayeuza magodoro. Kati ya waendesha pikipiki wote waliokuwa wakisubiri abiria kwenye kivuli chembamba cha nguzo hiyo, mmoja tu ndiye aliyelisoma mpaka kwenye muhuri. Huyo alikuwa Kona.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na barabara. Wenzake walikunja kona kama watu wanaogeuza ukurasa. Yeye alikuwa na namna yake: goti nje, bega chini, mwili mzima umelala upande kama anasikiliza siri ya lami. Abiria waliompenda walisema anapaa. Wasiompenda hawakusema neno mpaka washuke.

Katika hao wa pili alikuwemo mama yake mzazi, kwa mambo ya barabarani tu, maana nyumbani walipendana vizuri. Siku moja, miaka kadhaa nyuma, Kona alimpakia mama akiwa amekaa upande. Walipofika kwenye mzunguko Kona akalala kama desturi yake, na mama, kuona ardhi inamjia usoni, akafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya: akalalia upande wa pili. Pikipiki ikajaribu kuwatii wote wawili, yaani haikumtii yeyote. Kona alichubuka kiwiko. Mama aliumia nyonga, na alipotoka hospitali akatamka, mbele ya mashahidi, kwamba hatakaa tena juu ya kitu kinachoinama.

Angeweza kuishi na kiapo hicho kwa raha zake kama si mapazia.

Mama alikuwa fundi wa mapazia, na alikuwa na sheria moja ya kazi: pazia hutundikwa na aliyelishona. Pazia lililotundikwa na mtu mwingine, alisema, ni kama shati ulilofungwa vifungo na jirani. Utaenda nalo mjini, lakini utajua mwenyewe. Sasa mdogo wake, yaani mama mdogo wa Kona, alikuwa amejenga nyumba juu ya kilima upande wa pili wa mji. Vipimo vya madirisha vilisomwa kwa simu, kwa sauti kubwa kama vile waya haupo na wanategemea upepo. Mapazia yakashonwa yote. Kisha yakakunjwa, yakatiwa kwenye mfuko wa nailoni, yakakaa kwenye kiti cha wageni kama mgeni asiyejua kuaga. Njia ya kule juu ilipita kati ya kuta mbili, gari haliingii. Na miguu ya mama haipandi. Mama mdogo alifunika madirisha kwa mashuka, na kila jioni alipiga simu kueleza jinsi jua linavyomwamsha kama askari.

"Mpe mwanao ayalete," alisema.

"Mwanangu ni dereva," mama alijibu. "Wewe ukiumwa jino unaenda kwa kinyozi?"

Ndiyo maana Kona alipofika kwenye neno *hakiinami* moyo ulimruka. Alilisoma tena, mara hii kwa kidole. Kisha akawasha pikipiki, akaenda moja kwa moja kwa mwenye pikipiki hiyo, mama mmoja wa duka la mikate ambaye alikuwa ametoka kununua bajaji (ndivyo watu wanavyoiita, kwa kuwa mvua ikishika hakuna mwenye muda wa kusema niitie chombo cha magurudumu matatu). Alikuwa bado anatafuta dereva mtulivu. Kona akaomba kazi kabla ya kusalimia.

Mwenye mikate akauliza: "Si wewe ndiye Kona?"

"Nilikuwa," alisema Kona.

Akapewa ufunguo.

Furaha ya mtu mzima ni jambo la aibu kidogo, hasa ikionekana kwa nyuma. Kitu cha kwanza Kona alichokigundua ni kijiti kidogo pembeni ya kiti: gia ya kurudi nyuma. Maisha yake yote ya kazi alikuwa amerudi nyuma kwa visigino, akisukuma pikipiki kama mtu anayembembeleza punda. Sasa injini yenyewe ilirudi. Alirudi nyuma uani kwa mwenye mikate, akaenda mbele ili apate nafasi ya kurudi tena, mpaka mwenye mikate akauliza kama chombo kina hitilafu. Siku ya pili ikanyesha mvua, na Kona, ambaye mvua alikuwa akiijua kwa ngozi, aliisikia kwa mara ya kwanza ikigonga juu ya paa lake mwenyewe wakati yeye ni mkavu. Aliegesha pembeni asikilize. Abiria wake, mwalimu aliyechelewa, alidhani wamekwama.

Kijiweni walimpokea inavyostahili. Rafiki yake mkubwa, aliyeitwa Betri kwa sababu kila asubuhi lazima asukumwe, aliizunguka bajaji, akapiga teke tairi moja baada ya jingine.

"Kaka, hongera. Umepewa sebule."

"Karibu ukae."

"Nivue viatu?"

Mwingine akauliza kama chakula kinaletwa humohumo. Mwingine akashauri wambadilishe jina, maana mtu anayeendesha kitu kisicholala hawezi kuitwa Kona, aitwe Rula. Kona alicheka kuliko wote, kisha akarudi nyuma mbele yao, taratibu, kwa injini, na kicheko kikapungua. Wote walikuwa na visigino vinavyouma.

Lakini mazoea yana taabu. Akili ya Kona ilihamia bajaji siku moja. Mwili ulibaki kwenye pikipiki. Akisimama kwenye taa, mguu wa kushoto ulitoka nje wenyewe kwenda kuzuia chombo kisianguke, na chombo, kikiwa kimesimama kwa miguu yake mitatu, kilimwacha tu. Na kila kwenye kona alilala. Bajaji ilibaki wima, dereva ndani yake amelala upande kama mtoto aliyepitiwa na usingizi kanisani. Abiria wa nyuma walidhani anachungulia kitu na wao wakachungulia. Afisa wa usalama barabarani, aliyekuja kijiweni kuwaelimisha, alimwona, akamsimamisha, akamsomea tangazo lote pamoja na tarehe. Akamwambia aache mara moja tabia hiyo ya kizamani. Kona akaahidi.

Jumamosi aliileta bajaji nyumbani na kuiegesha mbele ya mlango wa mama. Alikuwa ameiosha mpaka ndani ya taa. Mama alitoka na fimbo yake, akaizunguka. Akasukuma paa kwa kiganja, upande huu, upande ule. Haikuinama.

"Haina pazia," alisema.

"Mama, ni bajaji."

"Pande zote wazi. Mtu akae humu kama bidhaa."

Akaingia ndani ya nyumba. Kona akabaki pale, moyo mkononi, akijua kwamba ameshindwa. Mama akatoka tena, na shingoni amening'iniza utepe wa kupimia. Ili kupima mlango wa kulia ilimlazimu akae kwenye kiti. Ili kupima wa kushoto ilimlazimu asogee. Alipima kwa muda mrefu kuliko milango hiyo ilivyohitaji. Kona alijitahidi kutazama mawingu.

Mapazia ya bajaji yalikuwa tayari siku mbili baadaye, ya rangi ya machungwa, yenye marinda. Mama aliyatundika mwenyewe, bila shaka. Na alipomaliza hakushuka.

"Lete ule mfuko," alisema. "Ila nakwambia kabisa, mwanangu. Ukiinama, nashuka hapohapo."

"Sitainama, Mama. Hii hata ukitaka haiinami. Wewe kaa tu."

Wakaondoka. Kona aliketi wima kama msumari, shingo imekakamaa, na kila kona aliikata kwa mwendo wa jongoo.

"Tunakwenda au tumeegesha?" mama aliuliza.

"Umesema nisiiname."

"Sikusema ulale."

Basi Kona akafungua mafuta kidogo, na upepo ukaingia, na mapazia yakapepea. Mama, ambaye kwa miaka hiyo yote mji aliuona kupitia dirisha moja, akafungua pazia la kushoto na kuanza kukagua. Lile fupi. Lile aibu tupu, limeshonwa na mtu mwenye njaa. Lile, pale ghorofani, lile lake. Limepauka lakini limekaa. Akamwambia Kona apite mtaa ule tena, kwa nyuma kama inawezekana. Iliwezekana. Kona alirudi nyuma mtaa mzima huku anatabasamu kama mtu aliyeokota kitu.

Ikabaki kona moja. Pale chini ya kilima njia hukunja kushoto ghafla na kupanda kati ya zile kuta mbili, na anayetaka kupanda lazima aingie na mwendo. Kona aliijua kona hiyo kama kovu lake. Mwili mzima ukamwomba: goti, bega, lala. Akaukatalia. Alikuwa amemwahidi afisa, amemwahidi mama, akabaki wima kama tangazo linavyotaka. Na kwa furaha aliyokuwa nayo akaingia na mwendo mkubwa kidogo kuliko ule aliokuwa nao kichwani mtu mwenye muhuri.

Alisikia gurudumu la nyuma la kushoto likinyamaza. Mengine mawili yalikuwa bado yanaongea na kokoto. Lile lilikuwa halina la kusema, kwa kuwa lilikuwa hewani.

Nyuma yake kitu kizito kikasogea. Gurudumu likarudi chini kwa kishindo, bajaji ikajiweka sawa, ikapanda. Kona alipothubutu kutazama kwenye kioo alimwona mama yake upande wa kushoto kabisa: bega chini, mkono umeng'ang'ania bomba, mwili wote umelala ndani ya kona, na mfuko wa mapazia umelala naye.

Wakafika juu.

"Mama," alisema Kona alipozima injini. "Umeinama."

"Nani, mimi?" Alikuwa anatengeneza kanga yake. "Nilikuwa nashika mapazia."

Mama mdogo alikuwa mlangoni tayari, analia na kulalamika kwa pumzi moja. Madirisha yote yalivikwa siku hiyohiyo, mama akiwa juu ya kiti, mdogo wake ameshika kiti, Kona ameshika mdogo wake. Pazia la jikoni tu lilipungua kiganja kimoja, na dada wote wawili walikubaliana kwamba kosa ni la simu.

Tangazo bado lipo kwenye nguzo. Kona huwasomea abiria wenye wasiwasi, na huwa wanatulia. Mama siku hizi huenda kwa mdogo wake kila wiki, na kiti cha nyuma ni kipana, cha kutosha watu watatu. Hukaa kushoto.