Mpira wa Nyongo wa Mama Monga

Siku yangu ya kwanza katika wodi ya upasuaji, hapa Kamina, mkuu wa wauguzi alinisimamisha kando ya mzee aliyetolewa mawe kwenye mfereji wa nyongo. Mpira mwembamba wenye umbo la T ulitoka tumboni mwake, ukimwaga nyongo ndani ya mfuko.

"Angalia muzuri," akaniambia, akinionya nisije nikautoa mapema. "Ukitosha huu mpira mbio, nyongo itamwangika mu tumbo. Muntu atakufa."

Enzi hizo tulipasua tumbo wazi. Kovu lilifanyika upesi kuuzunguka mpira, likawa njia yake, na baada ya wiki mbili tuliuvuta bila hofu. Kisha akaja daktari mkuu mpya na upasuaji wa kamera: matundu madogo, mgonjwa anatembea kesho yake. Akiridhika kwamba hakuna jiwe lililobaki, aliushona mfereji bila kuweka mpira. Akiuweka, ulipaswa kukaa muda mrefu zaidi, maana mwili ambao haukuumizwa sana huchelewa kutengeneza lile kovu. Alitufundisha hayo yeye mwenyewe.

Mama Monga aliuza samaki wakavu wa Kinkondja. Alipasuliwa kwa kamera, na mpira wake ulikuwa na siku kumi na mbili tu.

"Papa Kalenga, tosha dren ya huyu mama," daktari akasema, akiuonyesha ule mpira. "Arudi kwake leo. Tuko na lazima ya kitanda."

"Docteur, njia haiyakomaa," nikamjibu. " Weye mwenyewe ulitufundisha."

"Nani iko chef hapa?"

Nikauvuta. Mama Monga akacheka: "Sasa minyi nitalala ku tumbo."

Kabla jua halijazama, tumbo lake lilikuwa gumu kama ubao. Walimpasua tena, safari hii kwa mkato mrefu. Siku ya tatu akafa.

Ripoti ilisema mpira ulitolewa na mwuguzi. Hakuna neno la uongo humo.

Binti yake alituuliza: "Ni nani alitosha ule mpira?"

Daktari aliinamia karatasi zake.

"Ni minyi niliutosha," nikasema.

Hakunitukana. Alikunja kitenge cha mama yake, akaondoka.

Daktari alipandishwa cheo, akahamia Lubumbashi. Mimi nilibaki wodini mpaka kustaafu. Siku ya kuniaga walisoma sifa zangu mbele ya watu: mwuguzi mtiifu, hakuwahi kukataa amri ya daktari.

Wenzangu wakapiga makofi. Nami nikawashukuru.