Ujumbe Aliousoma Bibi Koleta

Siombi radhi: tovuti niliyowatengenezea wakulima wa mboga wa Uluguru ilifanya kazi. Nilipokuwa naijenga chumbani kwangu mtaa wa Mafiga, kila hitilafu niliiwekea ujumbe mmoja tu, maana niliamini kompyuta haikosei, anakosea mtu: “Umekosea wewe! Jifunze kusoma kwanza.”

Siku ya uzinduzi, mwenyekiti wao, Bibi Koleta, akajaza fomu ya kabichi zake vizuri kabisa. Mimi ndiye niliyesahau kuunganisha hifadhidata, ghala la kutunzia taarifa za fomu. Projekta ikautandaza ule ujumbe ukutani, kikundi kizima kikitazama. Lakini hitilafu si ilinaswa na tovuti yenyewe? Anayebisha aje!

Bibi akavaa miwani, akausoma wote kwa sauti, kisha akanigeukia.

“Rajabu, kusoma si nilikufundisha mimi, darasa la kwanza?”